Kwa Mama Kevina, Kutoka Nsambya Hadi Nyenga

Nje ya lango la Hospitali ya Nsambya, Kampala, wamejipanga wachuuzi ambao mtu asiye na mambo ya uzazi huwapita bila kuwatazama. Wanauza mabeseni ya plastiki, chupa za chai, shuka za kitoto na sabuni za mche zilizokatwa vipande. Mama mmoja aliyeketi kwenye kigoda alikuwa na mifuko ya nailoni iliyofungwa tayari, nikamwomba anifungulie mmoja nione. Alitoa kitu kimoja kimoja akakipanga juu ya paja lake: karatasi ya plastiki ya kutandika kitandani, glavu, bunda la pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Ndivyo vitu ambavyo wanawake wengi wa Uganda huvitafuta mapema, kabla uchungu haujawakuta mikono mitupu.

"Nnyabo, nunua," aliniambia kwa Kiswahili cha Kampala. "Kama siyo yako, utampa mwenye hana."

Nikanunua, nikauacha kwa wauguzi wa wodi ya wazazi, nikaanza kuzunguka kilima.

Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, aliwapa Wamisionari wa Mill Hill kilima hiki mwaka 1895, walipofika na Askofu Henry Hanlon. Walikuwa wamekuja kwa sababu ya siasa kama walivyokuja kwa sababu ya Injili. Miaka mitatu nyuma Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walikuwa wamepigana vita mjini Mengo, na Ukatoliki ulihesabiwa kuwa dini ya Wafaransa. Mapadre waliotoka Uingereza walihitajika ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa wa Wafaransa. Hadi leo ukisimama Nsambya unaweza kuisoma historia hiyo kwa macho: Rubaga iliyokuwa ya Wafaransa kule, Namirembe ya Waanglikana kule, kila dini na kilima chake.

Hanlon aliona upesi kwamba mapadre peke yao hawatafika mbali. Kulikuwa na nusu nzima ya watu ambao padre hakuweza kuingia kwao, wala hawakuweza kumweleza kinachowauma. Akaomba watawa wanawake. Tarehe 3 Desemba 1902 wakaondoka London masista sita Wafransisko wa St Mary's Abbey, Mill Hill: Waairishi watatu, Mwingereza mmoja, Mskoti mmoja na Mmarekani mmoja. Reli ya Mombasa ilikuwa imelifikia ziwa kwetu Kisumu mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Tarehe 15 Januari 1903 walikuwa wameshafika Uganda. Hospitali haikuwapo. Walianza kutibu watu bure chini ya mwembe, karibu na kanisa.

Mmoja wa wale Waairishi alikuwa Sista Mary Kevin, mwenye umri wa miaka 27. Kuna shule za Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko magharibi mwa Kenya ambako picha yake imetundikwa ukumbini, na mimi nilisoma katika mojawapo. Ni picha ya mwanamke wa uso mpana, macho yaliyokutazama moja kwa moja hata uliposogea pembeni. Tulimwita Mama Kevina, kama Waganda wanavyomwita, na tulijua kwamba tusiposafisha bweni tutaambiwa yeye asingependa. Zaidi ya hapo hatukumjua. Nimekuja kumjua ukubwani, kwa kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotaka kuona mahali penyewe.

Alizaliwa Teresa Kearney tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, katika kaunti ya Wicklow, Ireland. Baba yake, mkulima, alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla hajazaliwa. Mama yake aliolewa tena, akazaa tena, naye akafariki Teresa akiwa na miaka kumi. Akalelewa na bibi yake mzaa mama, na huyo naye akamtoka Teresa akiwa na miaka 17. Sitaki kuchimba sana hapa, kwa kuwa wasimulizi wengi wa maisha ya watawa hupenda kueleza utakatifu kwa machozi ya utotoni. Linalonigusa ni jambo jepesi zaidi: msichana huyu alijua tangu mapema maana ya nyumba kubaki na mwanamke peke yake, na maana ya nyumba kubaki bila mwanamke.

Alisomea ualimu msaidizi, akafundisha Uingereza, akaingia utawani mwaka 1895. Aliomba kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi, akasubiri miaka mitatu. Mwito uliokuja ukawa wa Uganda. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu aliyejikuta chini ya mwembe mbele ya ndui, malaria na malale.

Malale ndiyo yaliyokuwa yakiimaliza nchi. Kando ya ziwa, Busoga na Buganda, ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kufika zaidi ya laki mbili katika miaka hiyo, na serikali ya kikoloni ikaishia kuwahamisha watu mwambao mzima. Masista sita walikuwa nini mbele ya msiba huo? Lakini mwaka 1906 walikuwa wamefungua kituo Naggalama, kilomita zipatazo 37 kutoka Nsambya. Mwaka 1910 kiongozi wao alirudi Marekani, Kevin akawekwa mahali pake. Mwaka 1913 wenzao watatu wakaongezeka, wakafungua Kamuli, Busoga. Kila kituo kilikuwa na zahanati na shule, na shule ilikuwa kwanza kwa wasichana.

Kisha ikaja vita ya 1914. Wasomaji wa Tanzania na Kenya wanaijua vita hii kwa upande wa wapagazi, maana kumbukumbu yao imebaki hata katika jina la Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wapagazi wa Uganda waliorudishwa wakiwa wagonjwa waliletwa Nsambya, na Mama Kevin alichukizwa waziwazi na jinsi watu hao walivyotumikishwa. Katika miaka hiyo hiyo, upande wa Kilwa na Lindi, Sista Irene Stefani wa Shirika la Consolata alikuwa akiwauguza wapagazi wengine. Huyo alitangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri mwaka 2015. Wanawake hao wawili walikuwa wakiosha majeraha ya vita ile ile kwenye ncha mbili za Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilimpa Kevin nishani ya MBE mwishoni mwa 1918. Alipewa kwa kuwatibu watu walioumizwa na serikali iyo hiyo, na hilo inafaa likumbukwe kila nishani hiyo inapotajwa.

Lakini wapagazi walikuwa wanaume. Safari yangu ilikuwa ya wanawake, na kwa jambo hilo nilielekezwa nyumbani kwa mkunga mstaafu, hatua chache kutoka hospitali. Ni mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya kelele za leba. Alisomea ukunga Nsambya miaka ya sabini, akakimbilia Nairobi wakati wa Amin kama wauguzi wengi wa Uganda, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

Alinipakulia matoke na mchuzi wa karanga kabla hajakubali kuulizwa chochote. Kisha akaingia chumbani akatoka na kitambaa cheupe, akakikunjua mezani. Ndani yake mlikuwa na pembe ya kusikilizia mtoto tumboni, ile ya bati jepesi, mdomo mpana upande mmoja na kisahani cha kuwekea sikio upande wa pili. Ukingo wa kisahani ulikuwa umelika na kung'aa kwa miaka ya masikio.

"Weka sikio," aliniambia. "Sasa achia mkono."

"Itaanguka, Mama."

"Haianguki. Unaibana na kichwa chako na tumbo la mama, basi. Ukiishika kwa mkono unasikia mkono wako, husikii mtoto."

Akanieleza jinsi ya kuhesabu macho yakiwa kwenye saa: mapigo kati ya 120 na 160 kwa dakika ni mazuri, yakishuka ujue mtoto anachoka, yakipotea ujue huna muda. Alinieleza jinsi ya kupapasa tumbo ili kujua mgongo wa mtoto uko upande gani kabla hujaweka pembe. Alisema wasichana wa siku hizi wana mashine na yeye anazipenda mashine, lakini umeme ukikatika usiku ni pembe inayobaki.

Nikamuuliza kama alifundishwa na masista. Akacheka.

"Walitufundisha, ndiyo. Lakini unajua kwamba zamani wao wenyewe walikatazwa?"

Nilikuwa nimelisoma hilo, lakini lilinigusa zaidi kulisikia kwenye kinywa cha mkunga. Mwanzoni mwa karne iliyopita kanuni za Kanisa hazikumruhusu mtawa mwenye nadhiri kuzalisha. Kazi hiyo ilionekana haifai kwa bikira aliyewekwa wakfu. Sista angeweza kumfunga mkoma vidonda, angeweza kumwosha maiti wa ndui, lakini mwanamke akishikwa na uchungu alipaswa kurudi nyuma. Na Uganda ya wakati huo, kama sehemu nyingi za dunia, ilikuwa ikizika wazazi kila siku. Wanawake walikufa kwa kuvuja damu, kwa kifafa cha mimba, kwa mtoto aliyekaa vibaya. Ukiwa umetumwa kwa wanawake maskini halafu ukakatazwa saa ile moja wanayokuhitaji kuliko zote, umetumwa kufanya nini hasa?

Katazo hilo lilipingwa kutoka pande kadhaa. Daktari Anna Dengel wa Austria, aliyekuwa amewatibu wanawake wa India, alianzisha mwaka 1925 mjini Washington shirika la masista waganga akitumaini sheria itabadilika. Ilibadilika tarehe 11 Februari 1936, Roma ilipotoa hati iliyowaruhusu na hata kuwahimiza masista wa misioni kusomea udaktari na ukunga. Kwa Mama Kevin wakati huo ilikuwa imeshapita miaka 33 Uganda.

Hakuingoja hati hiyo. Alimpata Daktari Evelyn Connolly, mwanamke mlei asiyefungwa na nadhiri wala kanuni za watawa, na mwanzoni mwa miaka ya ishirini wakafungua Nsambya shule ya uuguzi na ukunga. Kama mikono ya masista imefungwa, basi waandaliwe wengine: wasichana wa Kiganda, wa Kisoga, mabinti wa wakulima na wajane, wasomee kazi hiyo wao. Mengo, upande wa Waanglikana, Daktari Albert Cook na mkewe Katharine nao walikuwa wakiwafundisha wakunga miaka hiyo hiyo, na naamini ushindani wa vilima ulisaidia kwa mara hiyo. Lakini nikitazama hali ya Nsambya naona jambo la pekee. Katazo lililokusudiwa kuwalinda watawa lilimsukuma mwanamke huyu kuikabidhi kazi kwa wenyeji mapema, wakati misioni nyingine bado zilikuwa zikimwona Mwafrika kuwa mtu wa kubeba ndoo na kufagia wodi. Mzazi aliyefika kutoka kijijini alimkuta mwanamke wa lugha yake, anayejua kwa nini ameficha mimba hadi mwezi wa saba, anayejua ni nani nyumbani lazima aombwe ruhusa kabla hajapasuliwa.

Nilimuuliza mkunga wangu kuhusu wakunga wa jadi, maana vitabu vya misioni huwataja kwa dharau au haviwataji kabisa. Alinyanyua bega.

"Mama yangu alikuwa mmoja wao. Mimi nilifundishwa kunawa mikono Nsambya. Kutulia nilifundishwa na mama yangu." Kisha akaniambia kwamba hata sasa wajawazito wake huja na vijiti vya mmumbwa, ule udongo uliochanganywa na dawa za mitishamba unaouzwa sokoni, wakauficha chini ya beseni. "Nawauliza tu umeweka nini ndani. Ukimgombeza, kesho haji."

Kutoka Kampala hadi Nkokonjeru teksi hupita Mukono, kisha huiacha barabara kuu ya Jinja na kushika ile ya kuelekea ziwani hadi Kisoga. Nchi hapa ni ya kijani kisichochoka. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, mafenesi yamelundikwa kando ya njia, baiskeli zimebeba mikungu ya matoke pande zote mbili hadi mwendeshaji haonekani. Mara mojamoja, barabara inapopanda, ziwa hujitokeza kushoto au kulia na kutoweka. Kondakta aliponisikia nikitaja masista alikataa kunishusha stendi, akamwambia dereva asogee hadi karibu na lango lao.

Nkokonjeru ni mji mdogo uliokaa juu, na nyumba mama ya Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko ndiyo moyo wake. Hapa Mama Kevin alilianzisha shirika hilo mwaka 1923, akiwa na wasichana wanane. Hawakuwa watawa wa kwanza wa Kiafrika katika Buganda. Bannabikira wa Bwanda, waliolelewa na Masista Weupe, walikuwa wamewatangulia. Hata hivyo, ilihitaji moyo. Msichana kukataa kuolewa kulikuwa kuwanyima wazazi mahari, kuunyima ukoo watoto, na kujitia katika hali ambayo jirani hana jina zuri la kuiita. Hao wanane walisema ndiyo kwa jambo ambalo bibi zao hawakuwahi kuliona. Sifa nyingi za Nkokonjeru hupewa Mama Kevin, na anastahili, lakini kila nilipotembea kwenye uwanja ule nilikuwa nikiwafikiria wao.

Kuna swali ambalo nililibeba kutoka nyumbani, na nililitoa kwa sista mzee aliyenipokea. Amefanya utume Kenya kwa miaka mingi, Kiswahili chake kina lafudhi ya Busia. Nilimuuliza kwa nini wasichana wale walianzishiwa shirika la peke yao badala ya kupokewa katika shirika la Mama Kevin mwenyewe. Hakuona haya kulijibu.

"Ilikuwa wakati wa rangi, mwanangu. Wazungu huku, sisi huku, hata mezani." Alinyamaza akirekebisha shela yake. "Lakini angalia. Tungeingia kwao, tungekuwa wageni nyumbani mwa watu. Hii ni nyumba yetu. Mkubwa wetu ni sisi tunamchagua."

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Utengano ule ulikuwa wa kibaguzi, na kumpenda Mama Kevin hakunizuii kusema hivyo. Hata hivyo, kilichotokana nao ni shirika lenye mizizi, lililosambaa hadi Kenya na Tanzania, linaloendesha shule, hospitali na nyumba za wasiojiweza, na halikutetereka wamisionari walipozeeka na kurudi kwao. Shirika lake la kizungu lenyewe lilichukua sura mpya baadaye: mwaka 1952 tawi la Afrika lilijitenga na Mill Hill likawa Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, yeye akawa mkuu wao wa kwanza, na nyumba mama ikawa Mount Oliver, Dundalk, Ireland.

Sista alinipeleka hadi Providence Home, nyumba ya wazee na walemavu ambayo Mama Kevin aliianzisha hapa hapa. Barazani wanawake wanne walikuwa wakichambua maharage kwenye ungo. Mmoja hana mguu mmoja. Mwingine haoni, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vyepesi kuliko vya wote. Alikuwa akiyatupa mawe na maharage mabovu upande wake wa kushoto bila kukosea. Sista aliwasalimia kila mmoja kwa jina la ukoo wake, naye kipofu akamjibu kwa utani uliowafanya wote wacheke, nami nikabaki nikitabasamu bila kuelewa. Baadaye nilitafsiriwa: alikuwa ameuliza kama mgeni amekuja kuposa, maana yeye yuko tayari, mwanamke au mwanamume.

Wengi wa wakaazi wa hapa, sista alinieleza, ni wanawake. Mwanamume mlemavu mara nyingi atapata wa kumpikia. Mwanamke mlemavu asiyezaa, au aliyezaa watoto wakafa, ndiye anayebaki hana mlango wa kugonga. Nilifikiri hapo juu ya neno maskini tunavyolitumia ovyo. Umaskini wa wanawake wale haukuwa wa fedha kwanza. Ulikuwa wa kukosa mtu wa kusema huyu ni wangu.

Kaburi liko katika eneo la masista. Kwamba lipo hapa ni habari yenyewe. Mwaka 1955, akiwa na miaka 80, Mama Kevin aliacha uongozi kwa sababu ya umri, lakini hakupumzishwa. Alipelekwa Boston, Marekani, kuongoza nyumba ya masista na kutafuta fedha za kazi za Afrika. Hivyo alifika Marekani aliyoiomba ujanani, akiwa bibi. Huko akafariki tarehe 17 Oktoba 1957. Mwili ulipelekwa Ireland, kwao, uzikwe Mount Oliver kama ilivyo desturi. Wakatoliki wa Uganda walikataa. Walidai Mama yao arudishwe, na akarudishwa kwa ndege. Tarehe 3 Desemba 1957 alizikwa Nkokonjeru.

Uangalie mwaka. Ghana ilikuwa imepata uhuru Machi. Uganda yenyewe ilibakiza miaka mitano, na Buganda ilikuwa bado na uchungu wa Kabaka wake aliyefukuzwa na Waingereza na kurudishwa mwaka 1955. Ulikuwa wakati wa kuwahesabia wazungu siku za kuondoka. Katika wakati huo watu walewale waliutaka mwili wa mzungu mmoja urudi.

"Nilikuwa msichana wa shule," sista aliniambia tukiwa tumesimama mbele ya kaburi. "Tulipangwa mistari, tumevaa sare, jua kali. Mimi nililia kwa sababu wakubwa walikuwa wanalia. Sikumjua. Nilijua tu kwamba mama yangu alinizaa mimi Nsambya, na wawili walionitangulia walifia nyumbani."

Jimbo la Lugazi lilifungua mwaka 2016 mchakato wa kumtangaza Mama Kevin mwenyeheri, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Sista anasali kila siku mchakato ufike mwisho kabla yeye hajafa. Nilimwuliza muujiza gani unasubiriwa. Akasema Roma inataka mgonjwa aliyepona bila maelezo ya kidaktari. Sina ugomvi na utaratibu huo, Kanisa lina sababu zake. Nasema tu kwamba miaka ya kazi ya wakunga wa Nsambya ina maelezo ya kidaktari kamili, kuanzia kunawa mikono hadi kuhesabu mapigo, na mimi naistaajabia vilevile.

Niliamua nisirudi Kampala. Barabara ileile ya Nkokonjeru inaendelea mashariki hadi Nyenga kisha Njeru, ng'ambo ya Jinja, na huko ningepata basi la Busia. Nyenga ni mahali pengine pa Mama Kevin. Mapema miaka ya thelathini alifungua hapo kituo cha wagonjwa wa ukoma, na kingine Buluba, Busoga, mwaka 1934. Buluba ndiko daktari Mpolandi Wanda Błeńska alikokuja kufanya kazi kuanzia 1951, akakaa zaidi ya miaka arobaini. Ukoma uliwavunja wanawake kwa namna yake: mume akiugua, mke alimfuata au alimuuguza, mke akiugua, mara nyingi aliachwa. Leo ukoma unatibika kwa vidonge, na Nyenga imekuwa hospitali ya kawaida ya wilaya ya vijijini, yenye shule ya uuguzi na ukunga.

Wanafunzi walikuwa wakitoka zamu nilipofika, nguo zao zimepigwa pasi kama hawajafanya kazi usiku kucha. Watatu walipanda teksi niliyopanda kwenda Njeru, na mmoja akakaa nami kiti cha nyuma, msichana wa miaka ishirini hivi kutoka Tororo, kwa hiyo Kiswahili hakikumshinda. Alikuwa na daftari kubwa magotini. Ni daftari la mazoezi: kila mzazi anayemzalisha lazima aandikwe, mimba ya ngapi, uchungu ulianza saa ngapi, uzito wa mtoto, kondo limetoka zima au vipande, damu kiasi gani, na mkunga mkuu atie sahihi. Bila idadi inayotakiwa hafanyi mtihani wa taifa.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Mwanzo, Aunti. Sasa naogopa tu damu ikizidi."

Alinifungulia ukurasa wa mwisho akanionyesha mstari wa usiku uliopita kwa ncha ya kalamu. Mama wa mimba ya tano, ameletwa kwa boda kutoka mwalo wa wavuvi, saa nane usiku, mtoto ametanguliza makalio. Alitaka kueleza jinsi walivyofanya, akaona mikono haimtoshi kwenye kiti kile kilichobanana, akanipa daftari nimshikie. Akaonyesha hewani: usivute, acha mtoto ashuke mwenyewe hadi kitovu kionekane, kisha mabega, moja, jingine, kisha mwili uulaze juu ya mkono wako hivi. Abiria wa mbele akageuka kutazama. Mwenzake, aliyekuwa amefumba macho dirishani, alisema bila kuyafumbua kwamba amesahau kutaja kibofu, mama lazima akojoe kwanza. Wakaanza kubishana kwa Luganda kama ni kabla au baada ya kumpima, na waliposhuka Njeru walikuwa bado hawajakubaliana.